Maneno ya Ayubu kinywani mwa mgeni

Msibani, kabla jeneza halijatoka chini ya turubai, lazima utasikia: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Maneno ya Ayubu hayo. Tunachosahau ni kwamba aliyeyatamka ndiye aliyefiwa, watoto 10 kwa siku moja. Sisi tunayatamka tukiwa wageni, na jioni tunapanda daladala kurudi kwetu.

Kwa nini Mungu mwema aache watu wateseke? Jibu kongwe la kanisa ni uhuru wa binadamu. Augustino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alifundisha kwamba Mungu hakuumba uovu. Uovu ni upungufu wa wema, nao huanza pale kiumbe huru anapompa Muumba kisogo. Nikikumbuka MV Bukoba, jibu hilo linaniingia. Meli ile ilizama Ziwa Victoria, karibu kabisa kufika Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Kuna waliouza tiketi zile, na kuna walioiruhusu ing'oe nanga. Ukisimama kwenye makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa, ukasema "kazi ya Mungu haina makosa", umemtwisha Mungu makosa ya makarani.

Sasa lipeleke jibu hilohilo Katesh, mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, tope likashuka na mawe na magogo mpaka mjini. Watu zaidi ya 80 walifariki. Hapo nani alitumia vibaya uhuru wake? Watetezi wa imani husema dunia lazima iwe na kanuni zisizobadilika: Hanang ni mlima wa volkano, na udongo uleule unaonenepesha mahindi ndio unaoporomoka ukilowa kupita kiasi. Nalikubali nusu. Linaeleza mlima, halimwelezi mama aliyechimba tope kwa mikono akimtafuta mwanawe.

Wanaotafuta dhambi za marehemu wasitupotezee muda. Katika Luka 13 Yesu aliulizia wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kama walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo.

Linabaki jibu la msalaba, ambalo kwa kweli si maelezo: Mungu hakutueleza mateso, aliyaingia. Kaburini kwa Lazaro, Yesu alilia huku akijua atamfufua. Mimi naegemea huku. Lakini asiyeamini ana haki ya kunibana: anayezama hahitaji mwenzake wa kulia naye majini, anahitaji kamba. Mkristo atasema kamba ni ufufuo. Sawa, ila kamba hiyo haionekani ukiwa umeshika koleo la kufukia kaburi, na mhubiri anayejifanya inaonekana anamwongezea mfiwa mzigo wa pili, wa kuficha machozi yake ili asionekane hana imani.

Ayubu hakuyaficha. Sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa, kisha anabishana na Mungu sura baada ya sura, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa ufasaha. Mwishoni Mungu anawakasirikia watetezi wake na kusema aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu. Nimezika wengi, na sijawahi kusikia sura ya 3 ikisomwa msibani.