Shuka Hapo Palipokuwa na Nakumatt

Muulize mtu wa Nakuru njia, naye atakuelekeza kwa kitu ambacho hakipo. Utaambiwa upite palipokuwa na ile petroli stesheni, ukate kushoto kwenye ule mti uliokatwa, halafu uulizie kwa mama aliyekuwa akichoma mahindi. Ukilalamika kwamba mti wenyewe huuoni, atakushangaa. Si ameshakwambia ulikatwa?

Cha ajabu ni kwamba wenyeji wanafika. Rafiki zangu wa Nairobi hunicheka nikisema hivi, lakini sijaona ramani inayoushinda mtindo huu wetu, na sina haraka ya kuona ukiondolewa.

Chukua Nakumatt. Duka hilo kubwa lilizaliwa hapa hapa kama duka la magodoro, likapanda mpaka likawa na matawi Uganda, Tanzania na Rwanda, na mwaka 2020 likazikwa rasmi. Tuskys, iliyoanzia Rongai humu humu kaunti yetu, nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Wateja wamezoea maduka mengine, rafu zimebadilika, hata rangi ya jengo si ile tena. Lakini panda matatu yoyote inayoingia mjini usikie: "Dere, nishushe hapo palipokuwa na Nakumatt." Dereva haulizi swali. Hata makanga wa juzi juzi, ambaye Nakumatt inafungwa alikuwa bado anavaa kaptula ya shule ya msingi, anagonga bodi mahali panapofaa.

Tarehe 1 Desemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitukabidhi hati ya jiji, tukawa wa nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Siku hiyo tulipiga vigelegele, na vijana waliokuwa wakiliita Nax Vegas kwa mzaha wakaanza kulitamka kwa uzito fulani. Nilidhani baada ya hapo tungeanza kutumia majina ya barabara. Wapi! Barabara zina majina mazuri tu, na vibao vipo katikati ya mji, ila kazi yake kubwa ninavyoona mimi ni kubandikwa matangazo ya mganga kutoka Sumbawanga. Ukiacha Kenyatta Avenue na mbili tatu nyingine, mtu atakutajia kinyozi kabla hajakutajia barabara.

Mji wenyewe umelala kwenye mteremko, na hilo limetupa dira ya bure. Menengai, ile kreta ya volkano, iko juu, Ziwa Nakuru liko chini. Kwa hiyo hapa hatuna kaskazini wala kusini. Tuna kupanda na kushuka. "Panda mpaka uone msikiti, shuka kidogo." Kidogo ni kiasi gani? Inategemea anayekuelekeza anakupenda kiasi gani. Nimewahi kushuka "kidogo" mpaka nikaanza kuona ua wa hifadhi ya wanyama.

Halafu kuna majina ya mitaa, ambayo peke yake yanatosha kumfurahisha mtu aliyekwama kwenye foleni. Tuna mtaa unaitwa London. Dada mmoja aliyekaa mbele yangu kwenye matatu alipaza sauti kwenye simu: "Mama, usiwe na wasiwasi, nimetoka London saa hii, baada ya dakika kumi nitakuwa hapo." Hakuna aliyegeuka kumtazama. London yetu iko chini ya Menengai, jirani na jaa la taka la Gioto, na nauli yake unalipa kwa sarafu. Tuna White House pia, na hauhitaji viza. Tuna Section 58, mtaa wa watu waliotulia, ingawa sijawahi kukutana na mtu yeyote anayeishi Section 57. Tuna Pondamali, jina ambalo mwenye nyumba hapaswi kumtajia mkewe kwa sauti anaponunua ploti.

Burudani kamili, hata hivyo, ni ukiagiza kitu kiletwe nyumbani kwa bodaboda. Kule kwetu nyumba hazina namba. Anwani niliyo nayo ni ya sanduku la posta, inaishia na 20100, na inachokueleza tu ni kwamba barua yangu iko posta. Haisemi lolote kuhusu mimi ninakolala. Kwa hiyo jamaa wa boda anapiga simu, na mazungumzo huenda hivi:

"Bosi, nimefika."

"Umefika wapi?"

"Hapa kwa geti nyeusi."

Mtaani kwetu geti zote ni nyeusi, isipokuwa moja ya kijani ya mwalimu mstaafu, ambaye kwa sababu hiyo anapokea mizigo ya watu wote.

"Mbele yako unaona nini?"

"Naona ng'ombe."

"Wa rangi gani?"

"Wa madoadoa. Ako na kamba."

"Basi umepita. Rudi nyuma mpaka usikie kwaya."

Na kweli akasikia kwaya, akakata kona, akafika. Chakula kilikuwa kimepoa, lakini sijali, maana tulicheka wote wawili pale getini na tangu siku hiyo akija hanipigii tena. Anauliza tu kama ng'ombe bado yuko. Mara nyingine nimejaribu kuwatumia madereva wengine lokesheni kwenye simu, kama watu wa jiji. Jibu ni lile lile: "Hiyo naona ni kama mshale unazunguka tu. Niambie ni karibu na nini."

Karibu na nini. Hilo ndilo swali lenyewe, na ndiyo maana nautetea mtindo huu. Huwezi kulijibu bila kuwajua jirani zako. Ili nimwelekeze mgeni, nimelazimika kujua kwaya inafanya mazoezi siku gani, nani anafuga, fundi wa viatu anafunga saa ngapi na fundi yupi aligombana na nani akahamia ng'ambo ya barabara. Mtu mwenye namba ya nyumba anaweza kukaa miaka mitano asijue hata mbwa wa mlango wa pili anaitwaje. Najua wapo watakaosema huo ni umbea uliopewa jina zuri. Labda. Lakini ni umbea unaofikisha chapati.

Pamoja na utetezi wangu wote, kuna gari moja ambalo siwezi kuliambia lifuate kwaya, nalo ni la zimamoto. Lile la wagonjwa pia. Mtu ambaye mzazi wake amezidiwa saa nane usiku hana muda wa kueleza kuhusu ng'ombe, na saa hiyo kwaya imelala, mama wa mahindi amelala, na geti zote zinaonekana nyeusi hata ile ya kijani. Kaunti ikitaka kuweka namba kwenye kila geti kwa ajili hiyo, mimi mwenyewe nitashika kopo la rangi. Ninachokataa ni ule upuuzi wa kudhani kwamba namba zikishawekwa basi tunyamaziane.

Kwa sababu kuna mambo ambayo namba haiwezi kuyashika. Tangu karibu mwaka 2010 Ziwa Nakuru limekuwa likipanda. Lilimeza lango kuu la hifadhi, ikabidi lijengwe jingine, na likaingia mpaka kwenye mashamba na nyumba za watu upande wa Mwariki na Baruti. Heroe wengi nao walihama, wakaenda Ziwa Bogoria na kwingineko, maana maji yakizidi chumvi inapungua, na chakula chao nacho kinapungua. Sasa tuna mtaa wa Flamingo na mji mzima uliojaa picha za ndege waridi kwenye mabango, ilhali ukitaka kuwaona wengi unapanda gari uende kaunti nyingine. Na kuna familia ambazo ukiwauliza kwao ni wapi, wananyosha kidole majini. "Pale. Baada ya ule mti." Anwani yao haipo kwenye ramani yoyote, lakini majirani wa zamani wanaijua vizuri, mpaka na kisima kilipokuwa.

Kwa hiyo tuendelee. Jirani yangu alihamia hapa mwaka huu kutoka Kitale, mtu mpole, wiki za mwanzo alikuwa akipotea hata akienda kununua maziwa. Juzi nimemsikia akimwelekeza shemeji yake kwenye simu, kwa kujiamini kabisa: "Ukishuka matatu, panda na hiyo barabara mpaka palipokuwa na kinyozi." Kinyozi huyo alifunga duka kabla jirani yangu hajatia mguu Nakuru.