Kabla ya Johannesburg, pitieni kwanza zoo yetu

Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, kuna mzazi atanisimamisha mbele ya kanisa au kwenye foleni ya benki aniulize: "Papa, nyinyi mulifanya je na watoto kule Joburg?" Anataka nimpe orodha ya bustani ya michezo ya kule: mchezo gani kwanza, mchezo gani pili, wapi chakula ni rahisi. Jibu langu huwa linamuudhi. Ninamwambia aende zoo. Zoo yetu hii ya hapa Lubumbashi, Jumapili moja asubuhi, na watoto wote, na saa mkononi. Akirudi aniambie watoto walitembea dakika ngapi kabla ya wa kwanza kuketi chini. Orodha tutaongea baadaye.

Wengine wanafikiri ninawatania. Mimi nilijifunza kwa njia ya kinyume, nikaanza Johannesburg ndipo nikaja kuelewa zoo, na somo hilo nililipia kwa dola.

Tulikuwa watano: mimi, mama yao, na watoto watatu, wa miaka minane, minne na miwili. Ukoo ulikuwa na harusi kule, tukasema basi, kwa kuwa tumeshafika, siku moja tuwapeleke watoto Gold Reef City, ile bustani kubwa ya michezo ya kupanda. Wiki tatu kabla ya safari nilikaa usiku kwenye simu nikitazama video za Wamarekani wanaopanga siku yao dakika kwa dakika: saa tatu kamili hapa, saa tatu na nusu pale. Nami nikaandika karatasi yangu, nikaipiga na mistari kama ratiba ya treni. Ilipofika saa tano asubuhi karatasi ile ilikuwa inafungia mkate ulioumwa upande mmoja.

Tatizo la video zile ni kwamba zinapanga michezo. Mtoto mdogo hapangwi kwa michezo. Anapangwa kwa miguu, tumbo, kibofu na usingizi, na vitu hivyo vinne havisomi ratiba.

Kuna kisa ninachokipenda sana. Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba wazo la bustani yake lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi huko Los Angeles, katika Griffith Park, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao, naye akitafuna kalanga. Papa mmoja, benchi, kalanga, hana la kufanya. Akaona ijengwe sehemu ambayo wazazi na watoto watafurahi pamoja. Alifungua Disneyland kule Anaheim tarehe 17 Julai 1955, na siku hiyo ya kwanza mambo yakamharibikia: watu maelfu waliingia na tiketi za uongo, jua kali, mabomba ya maji ya kunywa hayatoshi, na lami mpya ikawa laini hadi visigino vya viatu vya akina mama vikazama ndani. Ninapokumbuka hilo ninajisamehe karatasi yangu.

Sasa, zoo inafundisha nini? Kwanza mwendo. Nilipowapeleka baada ya kurudi, nikapima. Wa miaka minne anatembea vizuri dakika arobaini, kisha anaanza kutafuta kitu cha kukalia. Mdogo anapoteza akili yake kuelekea saa sita, awe amekula au hajala. Mkubwa, ambaye nyumbani ni simba, anajificha nyuma ya mama yake sokwe wakianza kupiga kelele. (Wale sokwe wa kituo cha J.A.C.K., ambacho kiko ndani ya eneo la zoo tangu 2006 na kinalea watoto wa sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara. Ndicho kile ambacho mwaka 2022 wezi waliiba sokwe watatu wadogo wakadai pesa. Mkubwa wangu aliuliza swali hilo mara kumi: nani anaweza kumteka nyara sokwe?) Mtoto anayeogopa kelele za sokwe hatapenda treni inayopinduka hewani na watu ndani wakipiga mayowe. Ningelijua hilo hapa mjini kwetu, kwenye mitaa ya Kenya au Katuba, bila kulipa senti, nisingesimama saa nzima kwenye mstari pamoja naye, tukafika mbele kabisa, akasema: "Papa, tuende ku nyumba."

Jambo la pili linaumiza zaidi. Ni urefu.

Mbele ya kila mchezo mkubwa pamesimama ubao wenye alama, na mtoto anasimamishwa pale. Hawaulizi umri, kwa sababu chuma kinachombana abiria kwenye kiti kimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani. Mtoto akiwa mfupi anaweza kuchomoka. Hakuna kubembeleza, na wala usijaribu. Mimi nilimwahidi wa miaka minne treni kwa miezi miwili. Kila alipokataa kula nilimtajia treni. Tukafika kwenye ubao, alama ikawa juu ya kichwa chake kwa upana wa kiganja changu. Alilala chini, kwenye njia, akalia mpaka akatapika uji. Yule kijana wa kwenye ubao alifanya kazi yake vizuri. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu fremu ya mlango tunayo nyumbani, na penseli ipo, na vimo vyote hivyo vimeandikwa kwenye intaneti. Wale wenye ndugu Ubelgiji au Ufaransa wanaopanga kwenda Disneyland Paris wafanye vilevile: pale treni ya Big Thunder Mountain inataka mita 1.02, na ile ya Indiana Jones inataka 1.40. Pima kwanza, ahidi baadaye. Huko pia mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu anaingia bure, kwa hiyo usimkatie tiketi kwa haraka.

Kuhusu tarehe, sisi Wakongomani tuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Watoto wetu wanafunga shule mwanzoni mwa Julai na kurudi mwanzoni mwa Septemba. Watoto wa Afrika Kusini likizo yao ya baridi inaisha Julai, wanarudi darasani. Maana yake Agosti, siku za katikati ya wiki, ninyi mko huru na wao wako kwenye hesabu. Mstari unakuwa nusu. Tazama kalenda ya bustani kwanza, maana nje ya likizo hawafungui kila siku, na ruka tarehe 9 Agosti, ni sikukuu ya wanawake kule, nchi nzima inapumzika. Kwa zoo yetu ni kinyume: tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi tuko makaburini na alasiri mji mzima uko zoo. Usifanyie mazoezi siku hiyo. Chukueni majaketi, sisi tunadhani baridi ya hapa ya Juni inatutosha, lakini Johannesburg iko juu zaidi, na asubuhi mtoto anatetemeka.

Na karte ya njano. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Nimeona familia imezuiwa uwanja wa ndege kwa ajili ya mtoto mmoja. Sitaongeza neno.

Siku yenyewe, ukishaingia, nenda nyuma kabisa. Watu wote wanasimama kwenye mchezo wa kwanza wanaouona, karibu na mlango, kama vile kwenye karamu wote wanavyokwama kwenye sahani ya kwanza. Saa ya kwanza ndiyo ya thamani: unaweza kupanda mara tatu kitu ambacho saa saba utakingojea mara moja. Kuleni saa tano, kabla ya tumbo la wengine kuamka. Sheria za kuingiza chakula zinatofautiana, kwa hiyo uliza, lakini mimi sijawahi kuona mlinzi akimnyang'anya mtoto wa miaka miwili ndizi. Mkiwa wazazi wawili na mtoto asiyefika kwenye alama, bustani nyingi zinaruhusu mmoja apande na mkubwa huku mwingine akibaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila kurudi mwisho wa mstari. Lazima uliombe hilo kwa mdomo wako. Sisi tulikuja kulijua jioni, wakati mama yao ameshakaa siku nzima kwenye benchi. Bila kalanga.

Kigari cha mtoto tulikodi, tukakijutia. Unakiacha nje ya kila mchezo, unakitafuta kati ya vingine vyote vinavyofanana, unakisukuma kikiwa na mifuko badala ya mtoto. Saa nane mama yao alichoka nacho, akamfunga mdogo mgongoni kwa kitenge, na mtoto akalala dakika tano baadaye, pale pale katikati ya makelele. Siku nyingine nitaacha kigari, nitachukua vitenge viwili. Na tutashona wote kitambaa kimoja, kama siku ya ndoa, chenye rangi ambayo hata kipofu ataiona. Mtoto akipotea, unamwambia mlinzi "amevaa hii" ukionyesha tumbo lako. Asubuhi mpige picha kila mmoja na nguo za siku hiyo, na umwandikie kwa biki namba ya simu mkononi. Namba ya kule, tafadhali. Mimi niliandika ya hapa, na simu yangu ya hapa ilikuwa imekufa tangu mpakani.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu na shemeji. Yeye alikuwa na familia yake pia siku ile, na imani yake ni kwamba umelipa tiketi ya siku nzima, basi unakaa siku nzima, mpaka wafunge, mpaka wazime taa. Mimi saa tisa nilisema tunaondoka. Alinitazama kama mtu aliyemwaga bukari ya moto kwenye mchanga. "Unatupa pesa!" Nikamwambia, shemeji, pesa iliondoka asubuhi, tuliiona ikiondoka, hairudi hata tukilala hapa. Kilichobaki ni watoto, na wa kwangu wamekwisha. Alibaki. Usiku alifika kwenye nyumba ya harusi na watoto wanne wanaolia kwa sauti nne tofauti, mmoja kiatu kimepotea, na yeye mwenyewe hataki kuongea na mtu. Mpaka leo anasema alipata faida kuliko mimi, michezo tisa kwa minne. Mimi sihesabu hivyo. Watoto wangu wanaomba kurudi. Wa kwake ukilitaja jina la pale wanatazamana.

Ile minne ilikuwa ipi? Farasi wa kuzunguka, mara mbili. Treni ndogo. Na kile ambacho hakikuwa kwenye karatasi yangu hata kidogo: dhahabu. Bustani ile imejengwa juu ya shimo namba 14 la mgodi wa dhahabu wa Crown Mines, shimo ambalo lilichimbwa mpaka 1971. Wageni wakaanza kuingia mwaka 1987. Kuna mtu anayeyeyusha dhahabu na kuimimina mbele yenu, nyekundu kama jua la jioni, na watoto wangu watatu, hata mdogo, walinyamaza. Kisha unaweza kushuka chini ya ardhi na kofia na taa. Tulishuka mimi na mkubwa. Sasa, nkambo yao, babangu mzazi, alifanya kazi chini ya ardhi pale Kipushi miaka mingi, mpaka mgodi uliposimama mwaka 1993. Mtoto analijua hilo. Katikati ya giza lile akanivuta mkono: "Papa, nkambo balikuwa banamulipa aingie mu shimo. Sasa shiye tunalipa juu ya nini?" Kiongozi hakujua Kiswahili, lakini alikuwepo Mzambia mmoja aliyecheka kwa sauti mpaka ikarudi kutoka ukutani.

Tulipomsimulia nkambo, hakuuliza kuhusu treni wala farasi. Aliuliza mita ngapi tulishuka na kama nguzo zilikuwa za mbao au za chuma. Mkubwa hakujua. Kwa nkambo hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la karatasi yangu, na wakati mwingine anataka kuja mwenyewe akaangalie. Kwa hiyo sasa mpango una mtu wa miaka sabini na magoti mabovu, na Jumapili iliyopita tulimpeleka zoo na saa mkononi. Dakika thelathini na tano. Mtoto wa miaka minne wa wakati ule anamshinda.

Huyo sasa ana sita. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kuna alama nane za penseli zenye jina lake, na moja nyekundu juu, niliyoichora mimi, ya ile treni. Juzi usiku nilimkuta amesimama pale peke yake, mgongo umenyooka, macho amefumba, amevaa viatu vya mama yake vya harusi.