Begi la Familia, Mgongo wa Baba

Hivi jamani, begi la kutokea na watoto linatakiwa lichaguliwe na nani? Mbebaji ni mimi, lakini siku ya kununua nilikuwa msindikizaji tu.

Tulienda Kariakoo kutafuta begi la kwenda nalo Kigamboni, watoto wakabembee na kucheza kwenye maji. Hoja yangu mimi ilikuwa mikanda. Iwe miwili, mipana, ina sponji. Hoja ya Mama Nasra, rangi. Hoja ya Nasra, paka aliyevaa taji. Muuzaji naye: "Bosi, huo mtumba gredi A." Akavuta zipu kwa madaha, nenda rudi, nenda rudi, ilipokwama akaifunika na kiganja.

Nikajaribu la mgongoni. Mama Nasra akasema nimekuwa kama mwanafunzi aliyerudia kidato. Nikajaribu kibegi cha kiunoni, muuzaji akanyoosha mkono: "Konda, nishushe Buguruni!" Wakaniletea mkoba wa bega moja. Dukani unapendeza, sikatai. Sasa utie maji uone. Lita moja ya maji ni kilo moja, na nyumba yangu haivuki barabara bila chupa nne za lita moja na nusu. Kilo sita hizo, chapati bado! Ukifika jioni umeinama upande, watu wanakupa pole.

Nikasema basi, tuchukue shangazi kaja yaishe. Mama Nasra akaniangalia. "Baba Nasra, tunaenda kucheza, hatuhami."

Zamani tungetia kila kitu kwenye rambo tukaondoka. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki marufuku, na ni sawa, ilikuwa inaziba mitaro. Ila mabega ya akina baba hayakujadiliwa popote.

Likanunuliwa jeupe. Jeupe! Tunaenda kwenye mchanga na askrimu, tuna mtoto wa miaka mitatu. Mikanda yake ukiitazama kwa ubavu huioni.

Siku ya safari likaingia taulo, pampasi, nguo za kubadilisha, hotpoti, na kanga mbili "za tahadhari". Tahadhari ya nini, sikuambiwa. Kwenye pantoni tumebanana, mikanda imeshazama mabegani, na mwanangu ndipo anakumbuka kiu. Maji yako wapi? Chini kabisa, chini ya hotpoti, chini ya tahadhari.

Tukafika getini. Mlinzi akafungua, akachungulia, akatikisa kichwa: chakula na vinywaji vya nje haviingii.

Basi tukakaa chini ya mwarobaini, saa nne asubuhi, tukala chapati zote na maharage, tukanywa maji mpaka matumbo yakalia. Waliokuwa wanaingia wanatupita wanatusalimia kama wafiwa.

Begi likabaki jepesi. Nikanyoosha mkono nilivae, walau nifaidi. Mama Nasra akaninyang'anya.

"Lete. Hapo sasa limekaa vizuri, nipige picha nalo. Wewe shika hotpoti."