Kiswahili Nacho Kina Meno

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, sisi tunaokipenda Kiswahili hujipongeza kwa Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na katika kujipongeza huko hatukosi kulalamika kwamba Kiingereza kimewapanda watoto wetu kichwani na kuwafanya waone haya kuzungumza lugha yao. Nami ni mmoja wa walalamikaji. Lakini kwa muda sasa nimekuwa nikijiuliza kama Mhadzabe wa Yaeda Chini, akitusikia, hatatucheka, maana karibu kila tunachokisema kuhusu Kiingereza yeye anaweza kukisema kuhusu Kiswahili bila kubadilisha neno.

Wahadzabe, ambao vitabu vya zamani huwaita Watindiga, jina ambalo wao wenyewe hawalitumii, wanaishi kulizunguka Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, na idadi yao ni kama 1,000 na ushei tu. Wasandawe wa Chemba, mkoani Dodoma, wao ni makumi ya maelfu. Kwa miongo mingi lugha za jamii hizi mbili zilitiwa katika kapu moja na lugha za jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, kapu lililoitwa Khoisan, kwa sababu kubwa moja, nayo ni kwamba zote zina vidoko, yaani sauti za kupiga ulimi kinywani. Siku hizi wanaisimu wengi hawakubali tena kwamba huo ni ukoo mmoja. Kisandawe huenda kina udugu wa mbali na baadhi ya lugha za kusini, ila Kihadzabe kimebaki peke yake, hakina ndugu hata mmoja anayejulikana duniani. Kikitoweka, hakuna lugha jirani ambayo mtu ataweza kuichungulia ili akisie kilikuwaje.

Kidoko chenyewe si kitu kigeni kwetu. Tukikerwa tunasonya, tukimswaga punda tunapiga ulimi pembeni mwa shavu. Sauti ambazo sisi tumezitengea dharau na punda, Mhadzabe amezifanya konsonanti na kuzipanga kwa makini: moja ya meno, moja ya ufizi, moja ya pembeni mwa ulimi. Zinapoandikwa, hutumiwa herufi c, q na x, zilezile ambazo alfabeti ya Kiswahili haina kazi nazo (tunaitumia c pale tu inapoandamana na h) na ambazo zipo kwenye kila simu ya mkononi. Wazulu na Waxhosa, ambao ni Wabantu kama sisi, walizichukua sauti hizo kwa majirani zao wa kusini karne nyingi zilizopita, na wala hawakufa. Kwa hiyo anayesema kwamba lugha hizi zinakufa kwa sababu ni ngumu kutamka hajafikiri vya kutosha.

Nilisoma sekondari ya bweni na kijana mmoja wa Kisandawe. Siku za Jumapili tuliruhusiwa kupiga simu nyumbani, kila mtu dakika chache, foleni ikiwa nyuma yake. Zamu yake ilipofika, alikuwa akiugeukia ukuta na kuifunika simu kwa kiganja, kwa sababu alijua kwamba akianza kuzungumza na mama yake tu, sisi wa foleni tutaanza kumwigiza: tutapiga ulimi, tutasonya, tutacheka mpaka tushike mbavu. Walimu walisikia, na mmoja wao alicheka pamoja nasi. Ilipofika kidato cha tatu alikuwa akiongea na mama yake kwa Kiswahili, na mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, akawa anamaliza mazungumzo mapema. Hatukumpiga wala hatukumvisha kibao cha aibu shingoni kwa kusema lugha ya kwao. Tulicheka tu, na ikatosha.

Nalitaja hilo kwa sababu ndivyo lugha hizi zinavyopungua: kimyakimya, bila amri ya mtu. Huko Afrika Kusini amri zilikuwepo. Bi. Katrina Esau, aliyezaliwa mwaka 1933 na anayetajwa kuwa msemaji wa mwisho wa kuimudu N|uu, mojawapo ya lugha za vidoko za huko, amesimulia jinsi walivyokatazwa kuizungumza mashambani kwa wazungu na kuambiwa kwamba ni lugha mbaya. Uzeeni alianza kuwafundisha watoto nyumbani kwake Upington, na mwaka 2014 akapewa nishani na serikali. Nchi hiyohiyo, ilipozindua nembo yake mpya mwaka 2000, iliandika wito wa taifa kwa lugha nyingine ya vidoko, |Xam, !ke e: /xarra //ke, lugha ambayo haijabakiwa na msemaji hata mmoja. Heshima hiyo ina uchungu wake, kwa kuwa maiti imepewa kiti cha mbele wakati wagonjwa wamesimama mlangoni.

Namibia mambo ni tofauti. Kule lugha ya vidoko iitwayo Khoekhoegowab inasikika redioni, inafundishwa shuleni na hata chuo kikuu, na Hage Geingob, aliyekuwa rais tangu 2015 hadi alipofariki mwaka 2024, alitoka katika jamii ya Wadamara wanaoizungumza. Vidoko ni vilevile. Kilichotofautiana ni mahali lugha iliporuhusiwa kuingia.

Kihadzabe hakijawahi kuwa lugha ya kujifungia. Hesabu yake ya asili inaishia mbili, na kuanzia tatu kwenda juu hutumia maneno ya kuazima kwa majirani. Kimeazima kwa karne nyingi na kikabaki kizima, kwa sababu mtoto alikuwa akikikuta porini na wazee wake, kwenye mizizi, asali na mawindo. Humo ndimo ulimo utajiri wake. Mnyama mkubwa aliye hai ana jina lake, na akishauawa wawindaji humtaja kwa jina jingine kabisa, jina la kutangaza ushindi, ili anayesikia kambini ajue papo hapo kwamba nyama ipo. Maneno hayo hayana pa kusemewa ikiwa mnyama hayupo, na pembezoni mwa Eyasi pori limemegwa na mashamba ya vitunguu na malisho ya mifugo. Ndiyo maana hati ya hakimiliki ya kimila waliyopata baadhi ya Wahadzabe wa Yaeda mwaka 2011, ya zaidi ya hekta 20,000, naihesabu kuwa msaada mkubwa kwa lugha yao kuliko makongamano mengi niliyoyasikia, ingawa haikuandikwa kwa ajili ya lugha.

Palipobaki ni shule. Tangu 1967 elimu ya msingi ya umma imekuwa ikitolewa kwa Kiswahili, na sina nia ya kuubeza uamuzi ule. Bila huo mimi nisingekuwa naandika haya. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina, lakini kwa masharti yetu, yaani hazina ya kukitajirisha Kiswahili, na hata neno letu la mitaani, kilugha, linaonyesha tunaziweka ngazi gani. Mtoto wa Kihadzabe anayeanza darasa la kwanza, mara nyingi bwenini, mbali na kambi, hakuti hata mtu mzima mmoja wa kumweleza kwa lugha yake choo kiko wapi. Ninachopendekeza hakigharimu mabilioni: katika shule chache za Yaeda, Mang'ola, Farkwa na Kwa Mtoro, miaka miwili ya mwanzo iwe na msaidizi wa mwalimu anayetoka katika jamii hiyo, alipwe mshahara, na aruhusiwe kufundisha kwa lugha ya watoto huku Kiswahili kikiingia taratibu. Najua hoja ya umoja wa taifa. Sijamwona bado mtu anayeweza kunieleza ni kwa namna gani watu 1,000 wanaookota ubuyu watalivunja taifa kwa kufundishwa kuhesabu.

Mwaka jana nilimpigia simu yule mwenzangu wa bwenini. Anaishi Dodoma mjini, ana watoto wawili. Tulipokuwa tukiongea mama yake alikuwa sebuleni, amekuja kutibiwa macho. Nikamsikia bibi akisema kitu, mjukuu akauliza, "Baba, bibi anasemaje?", naye akaiweka simu pembeni ili atafsiri.