Wazee wetu wenye akili timamu nao wanahitajika

Jamani mimi niko huku Uholanzi na kuna kitu natamani sana kingekuwepo na kwetu, benki ya ubongo, yaani mahali panapohifadhi ubongo wa watu waliofariki kwa ajili ya utafiti. Ya huku iko Amsterdam tangu 1985, unajiandikisha ukiwa hai na akili zako, unawaambia watoto, siku ukifa wao ndio wanapiga simu na mwili unachukuliwa fasta, maana ubongo unatakiwa utolewe ndani ya saa chache kabla haujaharibika. Sehemu inagandishwa nyuzi 80 chini ya sifuri, nyingine inawekwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, halafu maiti inarudi kwa familia, uso haujaguswa, mnaaga na kuzika kama kawaida.

Kilichonigusa ni kwamba watu wasio na ugonjwa wa ubongo nao wanatakiwa sana. Jirani yangu ni bibi wa miaka themanini na kitu, ana kumbukumbu balaa, birthday za jengo zima anazo kichwani, alinionyesha kadi ya hiyo benki kwenye pochi akasema wagonjwa wapo wengi, wanaokosekana ni watu kama yeye. Na kweli, bila ubongo wa mzee asiye na ugonjwa, ule wa mgonjwa utaulinganisha na nini? Marekani walifuatilia masista 678 kuanzia 1986, mmoja akafariki ana miaka 101, vipimo vya akili alikuwa anavifanya vizuri tu, ila walipouchunguza ubongo wakakuta dalili za Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, zimejaa. Nini kilimlinda? Pia siku hizi kabla ya kuukata wanaweza kuupitisha kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, hautikisiki so wanapiga picha masaa na masaa mpaka vitu vidogo kabisa vinaonekana, kisha wanalinganisha na darubini, na hapo ndipo daktari anajua lile doa analoliona kwenye picha ya MRI ya mtu aliye hai ni kitu gani.

Kwetu je? Mzee anafika 90 anawajua vitukuu wote kwa majina, akifa tunazika na hakuna aliyewahi hata kumuuliza. Afrika nzima benki hizi ni za kuhesabu, kwa hiyo mengi tunayoambiwa kuhusu kuzeeka vizuri yametoka kwenye ubongo wa wazungu, na hilo linaniuma kweli.

Wanaosema watu wetu hawatakubali sikubaliani nao, nani kawauliza? Ila waulizwe wakiwa hai, wao wenyewe, mbele ya watoto wao, siyo familia iviziwe mochwari ikiwa kwenye msiba. Hospitali za vyuo vikuu zina wataalamu wa patholojia, wale wanaochunguza maiti na magonjwa, zianzie hapo, na friza ziwe na umeme wa uhakika.