Nauli ya anayejitolea

Kikao cha watu wa kujitolea kimeitwa Jumatano saa nne asubuhi, Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Anayeishi Mbagala, pembezoni mwa jiji, na kula kwa kuuza chapati atalipa nauli ya kwenda na kurudi, na biashara ataifunga. Jioni anahesabu hasara mara mbili: hela iliyotoka na ile ambayo haikuingia. Akikosa kufika mara ya tatu, viongozi wanasema watu wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea.

Siamini hivyo, kwa sababu mtu huyo huyo ukitokea msiba mtaani anakesha. Anachota maji, anamenya vitunguu, anabeba viti. Msibani kila mtu hutoa alichonacho: mwenye kilo tano za mchele analeta, asiye nazo anasugua masufuria, na mwenye saa moja tu kabla ya kwenda kibaruani hapewi lawama. Tena ni hatua chache kutoka nyumbani. Vikundi vyetu rasmi vimeacha karibu yote hayo. Vinataka mtu wa siku nzima, semina ya siku tano, na simu yenye bando muda wote.

Wengi wanashauri kazi zigawanywe ziwe fupi. Kufagia mfereji au kupanga vitabu vya maktaba inawezekana kabisa. Lakini mtoto anayefundishwa kusoma, au mgonjwa anayekumbushwa dawa, anahitaji kuzoea sura moja. Hapo kubadilishana watu kila wiki kunamrahisishia anayejitolea na kumuumiza anayehudumiwa.

Kwenye fedha ndiko kwenye ubishi. Wanaopinga posho wana hoja ambayo sitaipuuza. Mradi mmoja ukilipa zaidi ya mwingine, watu wanahamia huko. Mfadhili akiondoka, kikundi kinakufa. Na chama cha vijana wa msikitini au kanisani, kisicho na mfuko wowote, kitashindana vipi?

Ila hoja hiyo inachanganya vitu viwili. Posho ni nyongeza mfukoni. Nauli ni kurudisha mfuko ulivyokuwa. Kumrudishia mtu nauli hakumfanyi afuate pesa, maana hakuna pesa anayobaki nayo. Na irudishwe lini? Vikundi vingi humwambia atangulize, alete risiti, asubiri mwisho wa mwezi. Bodaboda gani inatoa risiti? Asiye na akiba hawezi kutanguliza hata kidogo, hivyo utaratibu huo unamsaidia yule yule ambaye angeweza kujilipia.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo nauli haitoshi na neno lenyewe kujitolea linaanza kudanganya. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotembelea kaya mwezi hadi mwezi wanafanya kazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, lilipendekeza walipwe kulingana na majukumu yao. Kenya mwaka 2023 iliwapa wahudumu zaidi ya 100,000 jina jipya, wahamasishaji wa afya ya jamii, na kuwapangia shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni hatua, ingawa kwa kazi ile naiona ndogo. Wengi wa wahudumu hawa ni wanawake, na kila mwezi malipo yanapochelewa wao ndio wanaoigharamia afya ya umma.

Kikundi cha mtaa hakiwezi kubeba mzigo wa serikali, wala kisitakiwe. Kinachoweza ni kuhamisha kikao kutoka Posta kwenda Mbagala, Jumapili jioni, na kumkabidhi nauli mlangoni kila anayetoka mbali. Hela ikiwa haitoshi watu 40, waitwe 20, na muuza chapati awe miongoni mwao.