Ana miaka 11, hataki hadithi ya kifaranga

Likizo hii mtoto wa kaka yangu amekuja kwangu na kitabu alichopewa shuleni kumsaidia kusoma. Yuko Darasa la Tano lakini bado anaunga silabi moja moja. Kitabu ni cha kifaranga kilichompoteza mama yake: herufi kubwa, sentensi za maneno matatu. Kwa usomaji wake kilimfaa kabisa. Ila nilimwona akikisoma huku jalada amelilaza magotini, mdogo wake wa chekechea asilione. Kurasa tatu, akakifunga. "Shangazi, hiki cha watoto."

Kweli, ni cha watoto. Huyu hushinda kwa fundi pikipiki mpaka jua linazama. Plagi iliyochoka anaijua kwa kuitazama tu. Kilichochelewa ni kusoma, akili haijachelewa, na kitabu kile kilimwona mdogo kuliko alivyo.

Wala si peke yake. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, unaopima usomaji wa watoto, zilipowapa watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda kifungu cha kiwango cha Darasa la Pili, walikuwapo wa madarasa ya juu walioshindwa kukisoma. Hao wote tuwape vifaranga? Kule Edinburgh, Uskoti, mwaka 1998 walianza wachapishaji wa Barrington Stoke, ambao kazi yao ni vitabu vya watoto wanaosoma kwa shida: lugha nyepesi, kisa cha rika lao. Vya Kiswahili vya namna hiyo nimevitafuta madukani, na nimerudi mikono mitupu. African Storybook wana hadithi za Kiswahili za bure mtandaoni, zimepangwa kwa ngazi tano, na ninazitumia. Lakini ngazi inakupimia urefu wa maandishi. Kama kisa kitamgusa mtoto wa miaka 11, hilo utaliamua wewe.

Na hapo kwenye kupima tuwe makini. Walimu wengi wanajua kipimo cha vidole vitano: mtoto asome ukurasa mmoja, akunje kidole kila neno linapomshinda, vikiisha vitano kitabu ni kigumu. Kipimo hicho kimetoka kwenye Kiingereza. Kiswahili kinatamkwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyekwisha kushika silabi atakusomea "hawakutuletea" bila kukwama na asijue nani hakumletea nani. Mimi namwambia afunge kitabu anisimulie. Akinyamaza, kimemzidi, hata kama vidole vyote vimesimama.

Juzi nikaona nisisubiri duka. Nikachukua daftari, nikamwambia anieleze kazi ya fundi, nami nikaandika maneno yake yalivyomtoka: "Fungua plagi. Itazame ncha. Ikiwa nyeusi, isugue." Nikampa asome. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, mpaka mwisho. Kisha akarudi juu, akaweka kidole kwenye "Fungua".

"Shangazi, hapa umeruka. Kwanza injini ipoe. Andika."

Nikampa kalamu.